Gurudumu la mbele linalia? Uliza linalia lini

Mteja akiniambia gari lake linalia kwa mbele, simuulizi linaliaje. Namuuliza linalia lini. Wengi hujitahidi kuniigizia sauti kwa mdomo, na wapo wenye kipaji kweli, lakini pedi ya breki (kile kipande kinachobana ili gurudumu lisimame) iliyokwisha na bushi (raba ya kwenye viungo vya chini ya gari) iliyokauka zikiigizwa hutoka sauti ile ile. Kinachozitenganisha ni wakati. Ni ukikanyaga breki au ukiiachia? Ukipanda tuta? Ukikata kona ya upande mmoja tu? Au gari limesimama na unazungusha usukani?

Kama hujui, zima redio, shusha vioo, kisha endesha taratibu kando ya ukuta mrefu, maana ukuta hurudisha sauti. Tairi la gari dogo lina mzunguko wa karibu mita 2, kwa hiyo kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka linazunguka kama mara moja kwa sekunde. Mlio ukija kwa mpigo huo, na mpigo ukaongezeka kadiri unavyoongeza mwendo, kuna kitu kinachozunguka kinachogusa kisichozunguka. Mlio usipojali mwendo bali unafuata mashimo na matuta, achana na breki, nenda kwenye bushi na bolijointi, kile kiungo chenye kichwa cha duara kinachoruhusu gurudumu kupinda.

Tuanze na breki, kwa sababu ndizo zinazolia mara nyingi zaidi. Pedi nyingi zina kibati chembamba cha chuma kilichopinda, kimewekwa makusudi kiguse diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, pedi inapobaki na unene wa milimita 2 au 3 hivi. Hicho hutoa mlio mwembamba gari likiwa linatembea tu, na mara nyingi hunyamaza ukikanyaga breki kwa sababu kinabanwa kisitetemeke. Ndiyo maana watu hudanganyika: "Fundi, si breki, maana nikishika breki kelele inaisha." Hapo hapo ndipo ninapoanza kuvua tairi.

Na uvue kweli, usichungulie kwenye matundu ya rimu. Ukichungulia unaona pedi ya nje peke yake. Kwenye kalipa (kibanio kinachoshika pedi) nyingi za magari madogo pistoni inayosukuma pedi iko upande wa ndani, na mwili wa kalipa huteleza juu ya pini mbili ili kuivuta pedi ya nje. Pini zikishika kutu au grisi ikikauka, kalipa haitelezi, na pedi ya ndani inaliwa hadi kwenye bati lake la nyuma huku ya nje ikionekana nzima. Ukikuta hivyo, kubadilisha pedi bila kusafisha pini ni kazi ya bure. Zipake grisi ya silikoni inayostahimili joto. Grisi ya kawaida huvimbisha raba za pini, na tone likidondokea kwenye diski, umejitengenezea tatizo jingine kubwa zaidi.

Nyuma ya diski kuna bati jembamba la kuzuia vumbi. Kijiwe kidogo kikinasa kati yake na diski, gari hupiga kelele za kutisha kuliko ubovu wowote ninaoujua. Tafuta mstari mpya unaong'aa kwenye diski, toa kijiwe, kisha lisukume bati kwa kidole lisiguse. Huhitaji kununua kitu. Kofia ya plastiki ya rimu nayo husingizia breki. Ing'oe, endesha kidogo usikie. Mlio wa asubuhi baada ya mvua unaopotea ukishika breki mara chache ni kutu juu ya diski, usihangaike nao.

Kwa upande wa bushi, mwombe mtu alikandamize na kuliachia gari kwenye kona ya mbele huku wewe ukisikiliza. Nyunyizia maji bushi moja baada ya nyingine: ile ambayo mlio unakatika kwa muda baada ya kulowa, ndiyo hiyo. Usiimwagie oili kama dawa, maana raba nyingi huharibika kwa oili. Bolijointi inayolia huwa imepasuka kifuniko chake cha mpira, maji yakaingia na grisi ikatoka. Hiyo ni ya kubadilisha, si ya kupaka kitu.

Beringi husingiziwa sana. Mara nyingi hailii kwa sauti nyembamba, inavuma, na mvumo hubadilika uzito ukihama. Ukikata kushoto uzito huenda kulia, kwa hiyo mvumo ukizidi hapo, ishuku ya kulia. Nyanyua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, ni beringi au bolijointi. Likicheza ukilishika kushoto na kulia tu, angalia kwanza tairodi, ile fimbo inayopindisha gurudumu ukizungusha usukani. Lisipocheza, lizungushe kwa mkono huku mkono mwingine umeshika springi: beringi iliyochoka utaisikia vidoleni ikikwaruza, hata kama sikio halisikii kitu.