Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Kazi kwa Sababu ya Bosi

Katika migogoro ya kazi tunayoipokea, upo wa aina moja unaoniuma kuliko mingine. Mfanyakazi ameonewa kweli, ameacha kazi baada ya kushindwa kuvumilia, lakini barua aliyoiandika kwa mkono wake inasema hakuonewa. "Naomba kuacha kazi kwa sababu binafsi. Nashukuru kwa ushirikiano mlionipa kwa kipindi chote." Imesainiwa na imegongwa muhuri wa kupokelewa. Baadaye mwandishi wa barua hiyo ameketi mbele ya msuluhishi, anaeleza jinsi meneja alivyomnyang'anya majukumu yote, akamwondolea kompyuta, akamtukana mbele ya wateja, kisha akamwambia, "Kama unajipenda, andika barua uondoke salama." Mwakilishi wa mwajiri hahangaiki kubishana. Anaisoma ile barua kwa sauti na kuketi.

Kwa kuwa malalamiko ya namna hii yanazidi kuletwa, ni vema umma ukaelewa sheria inasema nini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haiishii kwenye kufukuzwa kwa barua. Inatambua kwamba mtu anaweza kuacha kazi mwenyewe kwa sababu mwajiri ameifanya ajira isivumilike, na kuacha huko kukahesabiwa kuwa ni kuachishwa na mwajiri. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, katika kanuni ya 7 zinataja mazingira mawili yanayoweza kutosha. La kwanza ni unyanyasaji wa kingono, au mwajiri kushindwa kumkinga mfanyakazi dhidi yake. La pili ni mfanyakazi kutotendewa haki, ilimradi awe ametumia njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa kama ana sababu za msingi za kutozitumia.

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Tunamuuliza mtu, "Ulilalamika kwa nani?" Anajibu, "Kila mtu pale ofisini alikuwa anajua." Kujua kwa wenzako si malalamiko. Malalamiko ni maandishi yenye tarehe, yanayoeleza nini kimetokea, lini, mbele ya nani, na unaomba nini kifanyike. Yapeleke kwa ofisa rasilimali watu au kwa mkubwa wa huyo bosi, na kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, nakala iende huko. Baki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Wakikataa kusaini, tuma kwa baruapepe, au iandikwe kwenye kitabu cha dispachi. Kama aliyekukosea ndiye mwenye kampuni na hakuna mwingine juu yake, hiyo inaweza kuwa sababu ya msingi ya kutopitia ngazi hizo, lakini utatakiwa kuieleza na si kudhani kwamba itaeleweka yenyewe.

Niseme wazi pia kwamba bosi mkali si lazima awe amevunja sheria. Kukaripiwa kwa kuchelewa, kupewa barua ya onyo yenye msingi, kunyimwa likizo kwa tarehe uliyoitaka wewe, hayo peke yake hayatoshi, na kuyaleta kama kulazimishwa kuacha kazi ni kupoteza muda wako. Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, huangalia kama kweli ulikusudia kukatisha ajira. Kama uhusiano ulifikia pabaya kiasi kwamba mtu yeyote mwenye busara asingeweza kuendelea. Kama mwajiri ndiye aliyeyaleta mazingira hayo. Kama yalielekea kuendelea. Na kama kuondoka ndiyo ilikuwa njia pekee iliyobaki. Kushushwa cheo bila utaratibu, kupunguziwa mshahara bila ridhaa yako, kukalishwa miezi bila kazi yoyote, kutukanwa mfululizo huku malalamiko yako yakikaliwa kimya, hayo ndiyo mambo yenye uzito.

Ukifika mahali pa kuondoka, barua yako iseme ukweli. Taja vitendo, taja tarehe za malalamiko uliyopeleka, sema kwamba unaacha kazi kwa sababu mazingira hayavumiliki. Usimshukuru mtu kwa ushirikiano ambao hukuupata. Najua wengi huandika lugha laini wakihofia kunyimwa stahiki au barua ya mapendekezo. Lakini mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo uliyolimbikiza na cheti cha utumishi ni haki yako kisheria, si hisani. Kiinua mgongo ndicho kinachobadilika. Hulipwa kwa aliyetimiza miezi 12 mfululizo na ajira yake ikasitishwa na mwajiri, kwa kiwango kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Aliyejiuzulu kwa hiari hana dai hilo. Aliyethibitisha kwamba alilazimishwa anahesabiwa kuwa ameachishwa na mwajiri, hivyo analo.

Tafadhali pia acheni tabia ya kukaa nyumbani tu "mpaka wanitafute". Kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika ni kosa linaloweza kukufukuzisha, na hapo unakuwa umempa mwajiri sababu aliyokuwa hana.

Sasa utaratibu. Mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Hizi ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo, na hazianzi siku ulipolipwa wala siku ulipomaliza kubembelezana na mwajiri. Unajaza fomu CMA F1, pamoja na Sehemu B inayohusu kuachishwa kazi. Unaisaini, unampelekea mwajiri nakala, na unaleta uthibitisho kwamba ameipata. Ukiandika kwenye fomu kwamba unadai malimbikizo ya mshahara, usitegemee baadaye kuzungumzia kulazimishwa kujiuzulu, kwa sababu fomu hiyo ndiyo inayobeba dai lako. Ukichelewa, lazima uombe kwanza kuongezewa muda na ueleze sababu ya kuchelewa. "Sikujua sheria" haijawahi kuwa sababu nzuri.

Usuluhishi una siku 30, isipokuwa pande zote zikikubaliana kuongeza. Usipohudhuria bila sababu, shauri lako linaweza kufutwa. Asipohudhuria mwajiri, linaweza kuamuliwa bila yeye. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda kwa mwamuzi. Hapo katika kesi hizi ni wewe unayeanza kuthibitisha kwamba ulilazimishwa, tofauti na kufukuzwa kwa kawaida ambako mwajiri ndiye anayejieleza. Asiyeridhika na uamuzi ana wiki sita za kuomba marejeo Mahakama Kuu, yaani kuiomba iupitie upya uamuzi huo.

Aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita halindwi na sehemu hii ya sheria. Watumishi wa umma, tangu marekebisho ya mwaka 2016, wanapaswa kumaliza kwanza ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kuja CMA. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005.

Kwa waajiri: mfanyakazi asiyefaa ana njia yake ya kuondolewa, yenye sababu halali, tuhuma zilizoandikwa na kikao cha kumsikiliza. Kumwekea mtu karatasi na kalamu mezani na kumwambia achague kati ya kujiuzulu na kufukuzwa hakukuepushi na njia hiyo. Akithibitisha kilichotokea chumbani humo, kwa sheria wewe ndiye uliyemwachisha kazi, na umefanya hivyo bila kumsikiliza.