Kabla hujalipa kodi ya nyumba yenye sakafu ya mbao, inama kwanza

"Fundi, nimepata nyumba Isamilo, ghorofa ya pili, chini mbao tupu. Nichukue?" Simu za namna hii nazipata kila mara. Dalali anamkimbiza mtu alipe kodi ya miezi 6 leo leo, eti jioni anakuja mpangaji mwingine. Nami huwa namuuliza mteja swali moja: uliinama?

Hapa Mwanza adui wa sakafu ya mbao ni maji. Viatu vinakwangua vanishi tu. Ubao ukinywa unyevu hutanuka kwa upana, ukikauka husinyaa. Kwa urefu haubadiliki sana. Niliwahi kutandika mninga mwezi wa Aprili, mbao zimetoka kunyeshewa yadini, mteja ana haraka na mimi nina njaa. Agosti nikaitwa: katikati ya mbao pameachana, sarafu inazama. Nilirudia kazi kwa hela yangu. Na mninga unasifika kwa kutulia! Kwa hiyo nyumba mpya iliyotandikwa juzi wakati wa masika naiogopa kuliko ya zamani iliyokwisha kukauka na kuonesha kasoro zake zote.

Nenda mchana, fungua pazia. Anzia kwenye mlango wa baraza na chini ya madirisha, maana mvua yetu huja na upepo wa ziwani na luva haziuzuii. Ukiona weusi kwenye maungio, au kila ubao umenyanyuka kingo na kubonyea katikati kama mtumbwi, hapo maji yameshakaa. Kwa nyumba ya chini, nenda chumba cha nyuma. Nyingi zimekaa mlimani, ukuta wa nyuma umekumbatia jabali, na maji ya mvua yanateremka nyuma yake. Bonyeza skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, kwa kidole gumba. Ikiwa laini, au chumba kinanuka uvundo, unyevu unapanda kutoka kwenye zege. Hapo hata mbao ngumu ya mkongo haitakusaidia.

Halafu, je, ni mbao kweli? Tafuta kifundo chenye umbo la kukumbukwa, kisha utembee ukikitafuta tena. Kikijirudia vilevile mbao kadhaa mbele, ile ni picha iliyobandikwa, yaani laminati. Si dhambi, ila kodi yake isiwe ya mbao halisi. Ubao mzima wa milimita 20 unapigwa msasa mara kadhaa ukarudi upya. Laminati ikilowa ikavimba ni ya kung'oa tu.

Bungua utawajua kwa vitundu na unga mwembamba, mchwa kwa vijia vya udongo pembeni. Ukiviona, ondoka.

Kwenye mkataba watu wanalala. Piga picha kila chumba, mikwaruzo ionekane, umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo ya kukabidhiwa funguo. Mkataba useme nani analipia msasa na vanishi, na kwamba kuchakaa kwa kawaida hakukatwi kwenye amana. Mimi mwenyewe, fundi wa sakafu, niliwahi kukatwa amana yote kwa doa nililolikuta, kwa sababu sikuwa na picha hata moja. Usicheke.

Jirani wa chini naye umfikirie: mbao zinapitisha sauti. Kinu kipelekwe nje, na miguu ya viti uivalishe vipande vya kapeti.

Ukishahamia, kazi kubwa ni kudeki. Tumezoea kumwaga maji sakafuni halafu tunayasukuma kwa mpira mpaka nje. Kwenye simenti na marumaru ni sawa, kwenye mbao ni balaa. Mama mmoja wa Capri Point aliniambia, "Mwanangu, bila maji mimi sioni kama pamesafishwa." Nikamwonesha: dondosha tone moja. Likisimama kama ushanga, vanishi ipo hai. Likizama na kuacha weusi, vanishi imekwisha. Lake lilizama. Siku hizi anakamua kitambaa mpaka kisidondoshe, na ndoo inabaki bafuni.