Hela ikizidi mtaani, dola zinaondoka

Kazi yangu ni urari wa malipo, yaani kuhesabu dola zinazoingia nchini na zinazotoka, na nikikaa na watu wote wanataka tuongee kahawa, korosho na bei ya mafuta. Sawa, vina uzito. Ila shilingi yenyewe inasahaulika kabisa, zimetengenezwa ngapi na kwa ajili ya nani.

Fungua vitabu vya Benki Kuu. Upande mmoja kuna shilingi zilizotolewa, upande wa pili kuna kinachozibeba: akiba ya fedha za kigeni na mikopo ya ndani, hasa ya serikali. Lazima pande zilingane. Sasa tuseme watu wanataka kukaa na shilingi 100 tu, halafu Benki Kuu inaikopesha serikali 20 mpya, serikali inalipa mishahara na makandarasi, watu wanajikuta na 120, wanazitumia, na kwa nchi inayoagiza vitu vingi nje hizo 20 zinaishia kununua dola. Kama bei ya dola imepangwa na serikali, Benki Kuu inatoa dola na kupokea shilingi zake. Mtaani zimerudi 100, ila akiba imepungua 20 na deni la serikali liko palepale. Hakuna aliyeiba wala zao lililoungua. Jacques Polak wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, aliiandika hesabu hii mwaka 1957, na masharti yao ya kuweka ukomo wa mikopo ya benki kwa serikali yanatoka hukohuko.

Kwetu Tanzania tuliiona kwa macho. Kahawa ilipanda bei sana 1977, akiba ikanona, 1978 masharti ya kuagiza yakalegezwa na dola zikayeyuka, kisha vita vya Kagera, kisha mafuta kupanda 1979. Hapo kila mtu anaishia. Lakini serikali na mamlaka za mazao, yaani mashirika yake ya kununua mazao ya wakulima, ziliendelea kukopa benki miaka yote ile, dola zikaisha, ikabaki vibali vya kuagiza, na ile hela iliyozidi haikuwa na pa kutokea isipokuwa foleni na ulanguzi. Mama alikuwa anatoka alfajiri kwenda duka la kaya, hela amezifunga kwenye pindo la kanga, anarudi nazo zilezile, na nguo tunafua kwa majani ya mpapai. Hela ilikuwepo, sabuni ndo haikuwepo.

Juni 1986 shilingi ikashushwa kutoka karibu 17 hadi 40 kwa dola. Ilibidi, maana kwa bei ya zamani mkulima alikuwa anaambulia kidogo mno na kahawa ilikuwa inavuka mpaka kimagendo. Ila mimi naona ilikuwa nusu ya kazi, kwa sababu bomba la mikopo halikufungwa na mfumuko wa bei ukakaa karibu asilimia 30 miaka mingi, kila shilingi ikishushwa bei zinaifukuzia. Kilichobadilisha mambo ni sheria ya Benki Kuu ya 1995, iliyoipa kazi ya kwanza ya kutuliza bei, na bajeti ya 1996 ya kutumia kilichokusanywa tu. Kufika 1999 mfumuko ulikuwa chini ya asilimia 10.

Ndo maana taarifa ya mwezi ya Benki Kuu ikitoka sianzii kwenye jedwali la mauzo ya nje, naanzia kwenye mikopo ya mabenki kwa serikali.