Ukungu Ukutani si Uchafu Wako: Maisha na Dharau katika Nyumba za Kaunsili Uingereza

Bi mkubwa mmoja mzaliwa wa Mombasa, mpangaji wa kaunsili (serikali ya mtaa, ambayo huku hupangisha nyumba) mashariki mwa London kwa zaidi ya miaka ishirini, alinifungulia mlango asubuhi moja ya baridi huku mikono yake ikinuka jiki. Alikuwa ameamka alfajiri kuusugua ukuta wa chumba cha wajukuu kabla sijafika. "Karibu mwanangu, usinione mchafu," aliniambia hata kabla sijamaliza kumwamkia shikamoo. Nilikuwa nimekwenda kukagua ukungu, na sehemu kubwa ya kile nilichokwenda kukitazama ilikuwa imeshaishia kwenye ndoo.

Tukasogeza kabati la nguo. Nyuma yake, pale ambapo mkono wake haukufika, madoa meusi yalipanda kutoka sakafuni mpaka usawa wa kifua, na lipu ilikuwa imevimba inabanduka kama ganda la muhogo. Godoro la mtoto lililokuwa limeegemezwa hapo lilikuwa na doa la kijivu upande wa ukutani. Nikatoka nje kuutazama ukuta uleule. Bomba linaloteremsha maji ya mvua kutoka paani lilikuwa limepasuka kwenye kiungio, na chini yake tofali zilikuwa zimeota ukijani. Bomba lile si mali ya bibi huyu wala si kazi yake kulitengeneza. Hata hivyo kwa misimu miwili ya baridi alikuwa akijilaumu mwenyewe, mapishi yake na nguo anazoanika ndani.

Kazi yangu ni kukagua hali ya nyumba na kuwashauri wapangaji. Ninawaandikia Waswahili wenzangu tunaoishi Uingereza kwa sababu jambo hili ninaliona mlango baada ya mlango: aibu ya mpangaji inauficha ubovu wa nyumba, na mwenye nyumba anayemdharau mpangaji wake anafurahi ukifichwa.

Aibu hiyo inatoka wapi? Kwenye harusi na vikao vyetu mtu huulizwa anakaa wapi, naye hutaja mtaa asitaje jengo. "Anakaa kaunsili" husemwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni ugonjwa. Wenzetu waliokulia Kaloleni, Jericho au Shauri Moyo mjini Nairobi wataona ajabu, maana kule nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ilikuwa bahati: kodi ya chini, karibu na mjini, na mzazi alihakikisha mwanawe ndiye anayebaki na ufunguo. Huku ilikozaliwa, nyumba hiyohiyo inasemwa kwa kunong'ona.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1900 serikali ya jiji la London ilizindua mtaa wa Boundary Estate, uliojengwa pale palipokuwa na vibanda maarufu kwa ufukara na maradhi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sheria ya mwaka 1919 iliyosimamiwa na waziri Christopher Addison ilizitaka kaunsili nchi nzima zijenge, na askari waliorudi vitani wakaahidiwa nyumba zinazostahili mashujaa. Nyingi zilikuwa na bustani na mahali pa kuogea, vitu ambavyo familia za wafanyakazi hazikuvijua. Baada ya vita vya pili waziri Aneurin Bevan alikwenda mbali zaidi. Alitaka daktari, muuza nyama na kibarua wa shambani wakae mtaa mmoja, na sheria ya mwaka 1949 ikaondoa maneno yaliyosema nyumba hizi ni za tabaka la wafanyakazi tu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, karibu theluthi moja ya kaya za Uingereza zilikuwa zikipanga kwa kaunsili. Wauguzi, madereva wa basi, walimu. Hapakuwa na cha kunong'ona.

Mambo mawili yaligeuza hali. Sheria ya mwaka 1977 iliziwajibisha kaunsili kuwapa makazi watu wasio na pa kukaa, hasa familia zenye watoto, na hilo lilikuwa jema. Kisha sheria ya mwaka 1980, wakati wa waziri mkuu Margaret Thatcher, ikawapa wapangaji haki ya kuzinunua nyumba zao kwa punguzo kubwa. Tangu hapo karibu nyumba milioni 2 zimeuzwa England peke yake, na zilizojengwa kuziba pengo hilo ni chache mno. Zilizotangulia kununuliwa ni zile nzuri zenye bustani. Mikononi mwa kaunsili zikabaki kwa wingi fleti za ghorofani. Nyumba zikawa haba, zikawa za mwenye shida kubwa kuliko wenzake, na watu wakaanza kumtazama anayeishi humo kana kwamba shida ndiyo tabia yake. Mimi siwalaumu walionunua. Wengi walikuwa wazee wetu, na walipata kitu cha kuwaachia watoto. Ninachosema ni kwamba sifa mbaya ya nyumba hizi ilitengenezwa na maamuzi ya serikali, haikuletwa na wapangaji.

Nyumbani Afrika Mashariki wengi hudhani kaunsili hutoa nyumba za bure, na hata hapa Waingereza wengi husema hivyo. Mpangaji wa kaunsili hulipa kodi ya pango kila wiki, mara nyingi karibu nusu ya bei ya soko. Wapo wanaosaidiwa na serikali kuilipa kwa sababu ya kipato kidogo, ugonjwa au uzee, kama wanavyosaidiwa pia wapangaji wengi wa watu binafsi. Fedha za pango huwekwa kwenye hesabu ya peke yake ya kaunsili, na humo ndimo ukarabati unamolipiwa. Kwa hiyo bibi yangu yule anapodai bomba litengenezwe, anadai alichokwisha kukilipia.

Uvumi mwingine unatugusa sisi moja kwa moja: eti wahamiaji huruka foleni. Kaya zaidi ya milioni 1.2 ziko kwenye orodha ya kusubiri England, na hasira ya watu hao ninaielewa. Lakini anayeomba hifadhi haruhusiwi kupewa nyumba ya kaunsili, wala mwenye viza isiyomruhusu kupokea msaada wa serikali. Wapangaji wapya wa nyumba za jamii, yaani za kaunsili na za vyama vya nyumba visivyotafuta faida, ni raia wa Uingereza katika takriban mikataba 9 kati ya 10.

Maneno haya ya vibarazani yana uzito kuliko tunavyodhani, kwa sababu huingia ofisini. Awaab Ishak alikufa Desemba 2020 mjini Rochdale, siku chache baada ya kutimiza miaka miwili. Wazazi wake walitoka Sudan na walikuwa wamepanga fleti ya chumba kimoja kwa chama cha nyumba za jamii. Baba yake aliripoti ukungu tangu mwaka 2017. Aliambiwa apake rangi juu yake. Wahusika walijijengea picha kwamba familia ndiyo inayosababisha unyevu kwa jinsi inavyoishi, hata kwa jinsi inavyooga, na picha hiyo haikuwa kweli. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alihitimisha kwamba mtoto alikufa kwa maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kuvuta ukungu ule kwa muda mrefu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Oktoba 2021, ofisi ya Housing Ombudsman, inayoamua malalamiko ya wapangaji, ilikuwa imechapisha ripoti ikiwataka wenye nyumba waache kabisa kisingizio cha "mtindo wa maisha".

Tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell Tower, mali ya kaunsili magharibi mwa London, liliungua, wakafa watu 72. Kati yao walikuwamo wengi waliotoka Afrika na nchi za Kiislamu. Moto ulipanda kwa mabamba yanayoshika moto yaliyokuwa yamebandikwa nje wakati wa ukarabati. Wakaazi walikuwa wameonya kwa maandishi juu ya usalama wa moto. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi, mwaka 2024, ilisema vifo vyote vingeweza kuepukwa, na ikaeleza jinsi wasimamizi wa jengo walivyowaona baadhi ya walalamikaji kuwa ni wakorofi tu. Kila ninapomsikia mpangaji akiitwa mkorofi nakumbuka jengo lile.

Sasa turudi ukutani, maana hapa ndipo elimu inapohitajika. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Ikigusa mahali pa baridi, mvuke hugeuka maji, kama chupa ya soda inavyotoa jasho ikitoka kwenye friji. Familia yoyote, ya tajiri au ya maskini, hutoa lita kadhaa za maji hewani kila siku kwa kupika, kuoga na kupumua. Tofauti ni kama kuta zina joto na kama hewa ina pa kutokea. Ukuta mwembamba wa zege wa miaka ya 1960, radieta iliyozimwa kwa hofu ya bili, feni ya bafuni iliyokufa: hapo kuvu hupata makao.

Unyevu wa namna hiyo huonekana kwenye vioo, pembeni mwa dari na nyuma ya makabati, na huzidi wakati wa baridi. Maji yanayopenya kutoka nje ni habari nyingine. Hayo hukaa mahali pamoja, huacha duara la rangi ya chai, na hutanuka baada ya mvua. Upo pia unyevu unaopanda kutoka ardhini kwenye nyumba za chini. Huacha mstari ukutani, kwa kawaida chini ya mita moja, na unga mweupe wa chumvi. Hakuna kufungua dirisha kutakakokausha bomba lililopasuka. Mkaguzi akikuambia "fungua dirisha" bila kutoka nje kuutazama ukuta, mwombe kwa adabu atoke.

Mpangaji ana sehemu yake, na sitaificha. Funika sufuria. Usizibe vidirisha vidogo vya hewa juu ya dirisha, na usiizime feni kwa sababu ya kelele. Acha nafasi ya kiganja kati ya kabati na ukuta wa nje. Ukisha kuyafanya haya na ukungu unarudi, tatizo liko kwenye jengo.

Na kabla ya kusugua, piga picha. Ninalirudia hili mpaka wateja wangu wanachoka nami. Piga picha kwa karibu na kwa mbali, zenye tarehe, pamoja na nguo na magodoro yaliyoharibika. Kisha ripoti kwa maandishi, baruapepe au fomu ya kaunsili, utunze nakala. Ukipiga simu, omba namba ya kumbukumbu. Taja kama yupo mtoto mchanga, mzee au mgonjwa wa pumu, na umweleze daktari wako pia.

Tangu tarehe 27 Oktoba 2025 sheria iliyopewa jina la Awaab inazibana kaunsili na vyama vya nyumba vya England kwa muda maalumu. Hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na ukungu unaotishia afya uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi tangu walipopata habari. Uchunguzi ukiisha, mpangaji apewe muhtasari wa maandishi ndani ya siku 3 za kazi, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi. Isipowezekana, watafute pengine pa kuiweka familia kwa gharama yao. Wakikaa kimya, fungua lalamiko rasmi: hatua ya kwanza, halafu ya pili, na usiporidhika nenda kwa Housing Ombudsman, ambako hulipi hata senti. Walioko Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana taratibu zao. Muulize mshauri wa huko.

Wengi huniuliza kwa sauti ya chini: "Hawatanitoa?" Kaunsili haiwezi kukutoa kwa sababu umelalamika. Ili kukutoa inahitaji sababu inayotambuliwa na sheria, na amri ya mahakama. Lalamiko la ukarabati halina uhusiano na faili lako la uhamiaji.

Bi mkubwa yule tuliandika naye barua mezani kwake, chai ya tangawizi ikipoa. Alianza kwa "Samahani sana kwa usumbufu." Nikamwomba tuufute mstari huo. Alisita, akaniambia si adabu kuanza barua bila samahani. Tukakubaliana aanze na tarehe aliyoliona doa la kwanza, kisha aeleze bomba, kisha kikohozi cha mjukuu wake mdogo, na picha nne nilizopiga nyuma ya kabati. Mkaguzi wa kaunsili alifika siku ya nane ya kazi. Bibi alinipigia simu jioni yake kunieleza. Safari hii hakuusugua ukuta. Alimtandikia kiti, akamwonyesha.