Je, Wajua Kwa Nini Bandari Ndogo ya Foynes Ilikuwa Mlango wa Anga wa Ulaya?

Magharibi mwa Ireland, mto Shannon huingia baharini kwa mdomo mpana na mrefu, na katika ukingo wake wa kusini pamejibanza Foynes, bandari ndogo ambayo kati ya 1937 na 1945 ilipokea ndege za majini zilizovuka Atlantiki. Kwa nini hapo, wala si London au Paris?

Jibu linaanzia kwenye mafuta. Kutoka Foynes hadi Botwood, katika Newfoundland, kisiwa cha mashariki mwa Kanada ya leo, ni takriban kilomita 3,200, na kila kilomita iliyopunguzwa upande wa Ulaya ilipunguza mzigo wa mafuta. Hata hivyo ndege ilijaa mafuta hadi ikahitaji mbio ndefu sana kabla ya kuinuka, na viwanja vyenye urefu huo vilikuwa adimu, ilhali maji hayahitaji zege. Lakini si maji yoyote: mawimbi ya bahari ya wazi yangeweza kupasua tumbo la ndege, kumbe Foynes imekingwa na kisiwa kilicho mbele yake, na tayari ilikuwa na gati na reli ya kwenda Limerick.

Tarehe 5 Julai 1937, Caledonia ya kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways iliondoka Foynes kuelekea Botwood, huku Clipper III ya kampuni ya Marekani ya Pan American ikitoka Botwood kuja Foynes. Ya kwanza ilitumia saa 15 hivi, ya pili kama 12 na nusu, kwa kuwa upepo wa eneo hilo huvuma zaidi kutoka magharibi. Caledonia, tukumbuke, ilikuwa ya aina ileile iliyotua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi mwaka huohuo, ila kwa Atlantiki ilijazwa matangi ya ziada na haikubeba abiria. Abiria wa kulipa nauli walianza 1939, kwa Boeing 314 kubwa zaidi.

Hali ya hewa haikutabirika. Inasimuliwa kwamba wakati wa vita ndege moja ilirudi Foynes usiku wa baridi, na mpishi Joe Sheridan akawatilia abiria wiski ndani ya kahawa. Ndiyo kahawa ya Kiairishi inayojulikana leo.

Vita hivyohivyo vilizaa ndege za nchi kavu zenye uwezo wa kwenda mbali na viwanja virefu vya kuzipokea. Mwaka 1945 safari zilihamia Rineanna, ng'ambo ya mdomo uleule wa mto, ambako leo ni Uwanja wa Ndege wa Shannon.