AI inayomfundisha mwanafunzi kivyake: maana yake hasa ni nini?

Watu wengi wakisikia habari za AI inayomfundisha kila mwanafunzi kivyake, picha inayowajia ni apu inayokuita kwa jina, inakurushia vinyota ukipatia, alafu imekuuliza unapenda mpira au muziki ili maswali ya hesabu yaje na magoli ndani yake. Hiyo siyo. Yani inaweza kuwepo na wala haina ubaya, ila siyo jambo lenyewe, na nadhani ndo mana watu wanabishana sana kuhusu hizi AI, kila mtu anaongelea kitu chake. Na hili neno la kitaalamu, kubinafsisha, nalo halijasaidia, mana wengi tumelizoea kwenye habari za serikali kuuza mashirika ya umma, sasa ukimwambia mtu "ubinafsishaji wa masomo" anadhani shule zinapigwa mnada. Mi ntasema tu kufundisha mtu kivyake.

Tuchukue swali moja dogo kabisa: nusu jumlisha theluthi, 1/2 + 1/3. Jibu ni 5/6. Wanafunzi wawili wamekosa wote na kwenye daftari kila mmoja ana alama ya X ileile, lakini wa kwanza kaandika 2/5 na wa pili kaandika 2/6. Ukiangalia haraka unasema wote hawajui sehemu, warudie mada. Sasa angalia vizuri. Yule wa 2/5 kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, kwaiyo kwake sehemu ni namba mbili tu zimepangwa moja juu ya nyingine, hajui kabisa kwamba hizo vipande havilingani ukubwa. Yule wa 2/6 yuko mbali sana mbele yake, anajua lazima chini ziwe sawa, kaitafuta 6 kaipata, ila akasahau kubadilisha za juu akaacha moja na moja. Huyu anahitaji sekunde thelathini na swali moja tu, "nusu ni sawa na ngapi ya sita?", atajishika kichwa mwenyewe. Mwenzake anahitaji kurudi nyuma kabisa, achorewe, akate, aone kwa macho. Ukiwapa wote wawili somo lilelile, mmoja utamchosha na mwingine utamwacha hapohapo.

Alafu kuna wa tatu, kaandika 5/6, kapata tiki. Ila yeye alikariri hilo jibu juzi, ukimpa 1/4 + 2/5 anakwama. Na wa nne anajua kila kitu ila swali liliandikwa kwa maneno mengi akashindwa kuelewa anaulizwa nini.

Basi kumfundisha mtu kivyake ni hiyo kazi ya kujua kwa nini kakosa (au kwa nini kapatia!) na kuchagua hatua inayofuata kutokana na hiyo sababu. Mwalimu wa tuisheni anayekaa na mtoto mmoja anafanya hivi bila hata kuwaza. Mwalimu mwenye darasa limejaa hawezi, na siyo kwamba hajui au mvivu, dakika hazipo.

Kuna namba inatajwa kila mahali kwenye mada hii. Mwaka 1984 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa peke yake au na wenzake wawili tu alifika juu ya asilimia 98 ya wanafunzi waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Watu wa teknolojia wanaipenda sana hii, karibu kila anayeuza apu ya kufundisha anaanza nayo. Ila iko juu mno. Mtafiti mwingine, Kurt VanLehn, alikusanya tafiti nyingi akatoa matokeo 2011, akakuta faida ya mwalimu binadamu wa mtu mmoja ipo kweli na ni kubwa, ila ni kama 0.79 kwa kipimo cha watafiti cha kupima kundi moja limelipita lingine kwa kiasi gani (sifuri maana yake hakuna tofauti), na kwa kipimo hicho ile asilimia 98 ya Bloom ni 2. Kilichonishangaza mimi ni namba ya pili kwenye kazi yake: programu za kompyuta zinazomfatilia mwanafunzi hatua kwa hatua zilipata 0.76. Yani karibu sawa na binadamu, na hiyo ni 2011, kabla hata ya hizi chatiboti, yani programu za AI unazoongea nazo kwa kuandika.

Kwaiyo hii kitu siyo mpya. Miaka ya 1920 Sidney Pressey alitengeneza kimashine chenye kidirisha cha swali na vitufe vinne, na ukikiweka kwenye hali ya kufundisha hakisogei swali linalofuata mpaka ubonyeze jibu sahihi. Mwaka 1970 Jaime Carbonell alielezea programu yake ya SCHOLAR iliyokuwa inaongea na mwanafunzi kuhusu jiografia ya Amerika Kusini, inauliza na inaulizwa. Baadae watu wa Carnegie Mellon, chuo kikuu cha Marekani, wakaja na programu za kufundisha hesabu zinazobeba ndani yake picha ya kichwa cha mwanafunzi, na hapa ndo penye utamu wenyewe.

Hiyo picha ya kichwa inatengenezwaje? Njia moja maarufu, ya Albert Corbett na John Anderson kwenye miaka ya 1990, inachukua kila ujuzi mdogo (mfano "kutafuta namba ya chini inayofanana") na kuuwekea namba nne tu: uwezekano kwamba tayari anaujua, uwezekano kwamba atajifunza akipewa zoezi, uwezekano wa kubahatisha, na uwezekano wa kuteleza, yani anajua ila kakosea bahati mbaya. Tuseme programu inaamini 40% kwamba mtoto anajua. Swali ni la kuchagua kati ya majibu manne kwaiyo kubahatisha ni 25%, na kuteleza tuweke 10%. Akipatia, imani inapanda mpaka kama 71%. Akikosa inashuka mpaka kama 8%. Ona haikimbilii mia wala sifuri, mana tiki moja inaweza kuwa bahati na kosa moja linaweza kuwa usingizi. Inaendelea kumpa maswali ya ujuzi huohuo mpaka ifike kama 95% ndo inasema haya tusonge. Mwenzake anaweza kufika hapo kwa maswali matatu na yeye akatumia kumi na moja, hakuna anayemsubiri mwenzake na hakuna anayechekwa. Hapo ndo neno kivyake linapata maana, na ni hesabu tu za uwezekano, hakuna uchawi.

Sasa zikaja chatiboti. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na Machi 2023 Khan Academy, shirika la masomo ya bure mtandaoni, wakatangaza Khanmigo, mwalimu aliyejengwa juu ya GPT-4 (injini ya AI ya hao hao waliotengeneza ChatGPT), Duolingo, wale wa apu ya kujifunza lugha, nao wakaja na yao mwezi huohuo. Ghafla kompyuta ikaweza kitu ambacho zile programu za zamani zilishindwa kabisa, kuongea. Unaweza kuandika "sielewi hapo kwenye mstari wa tatu kwani hiyo 6 imetoka wapi" ikakuelewa, ukaiambia nielezee tena kama sijawahi kusoma hii mada ikafanya, usiku wa manane, mara ya ishirini, haichoki wala haikuangalii kwa jicho baya. Kwa mtoto anayeogopa kunyoosha mkono darasani hilo peke yake siyo dogo.

Ila hapa watu wanachanganya mambo. Chatiboti ya kawaida inakufata wewe kwenye lugha, haikufati kwenye kujua. Umeuliza, imejibu, basi. Haina zile namba nne, haijui kwamba wiki iliyopita ulikosea kosa hilihili mara tano, isipokuwa mtu kaijengea mfumo wa kukumbuka na kufatilia. Na kubwa zaidi, imefundishwa kumridhisha anayeuliza, na mwanafunzi wa saa nne usiku mwenye kazi ya kukusanya kesho anaridhika na nini? Na jibu, bwana. Mwalimu mzuri kazi yake nusu ni kulifahamu jibu na kulinyamazia.

Kuna utafiti uliofanyika Uturuki kwa wanafunzi wa sekondari karibu elfu moja, somo la hesabu, ambao mimi naona unaeleza hili kuliko maneno yote. Kundi moja wakapewa chatiboti ya GPT-4 ya kawaida wakati wa mazoezi, kundi la pili wakapewa GPT-4 hiyohiyo lakini imeelekezwa itoe vidokezo tu isitoe jibu, na walimu wameiwekea makosa ambayo wanafunzi huwa wanayafanya kwenye kila swali, kundi la tatu wakabaki na vitabu na daftari zao. Kwenye mazoezi, wa chatiboti ya kawaida walifanya vizuri kwa 48% kuliko wa daftari, na wale wa vidokezo 127%. Unasema safi. Kisha wakanyang'anywa wote, wakapewa mtihani bila msaada. Waliokuwa na chatiboti ya kawaida wakafanya vibaya kwa 17% kuliko wale ambao hawakuwahi kuigusa! Wale wa vidokezo walikuwa sawa tu na wa daftari, hawakuharibikiwa. Na wale wa chatiboti ya kawaida wenyewe hawakujiona kama wamejifunza kidogo, walikuwa wana raha zao.

Soma tena hapo. Injini ileile, gari moja, tofauti ni maelekezo iliyopewa na kwamba mtu aliyewahi kufundisha alikaa akaandika watoto hukosea wapi. Kwaiyo ukiulizwa "AI inasaidia kusoma au inaharibu" swali lenyewe bado halijakamilika.

Pia usiisahau hiyo namba ya pili, wa vidokezo walipanda 127% kwenye mazoezi lakini mtihani wakawa sawa na wa daftari. Kufanya vizuri ukiwa umeshikwa mkono siyo kujua, na hizo ripoti za apu zinazomwonyesha mzazi mstari unapanda kila wiki ni za mazoezi, siyo za mtihani.

Zipo habari nzuri pia, nisije nikaonekana napinga. Mwaka 2024 kule Edo, Nigeria, kulifanyika majaribio ya wiki sita baada ya masomo, wanafunzi wanatumia chatiboti kujifunza Kiingereza, na kwenye mtihani uliochanganya Kiingereza, AI na ujuzi wa kidijitali walioshiriki walipita wenzao kwa kiasi cha kama 0.3 kwa kipimo kilekile cha VanLehn, ambayo kwa wiki sita siyo mchezo. Lakini walikuwa chumbani na walimu wanaowaongoza, maswali ya kuanzia yameandaliwa. Hawakuachiwa simu wakaambiwa haya jifunzeni.

Kuna matatizo mengine ntayapitia haraka. Inakosea kwa kujiamini, na mwanafunzi ndiye mtu wa mwisho anayeweza kugundua mana angekuwa anajua asingeuliza. Inakubali haraka sana ukiibishia, unaiambia "hapana mwalimu wangu kasema ni 2/5" nyingine zinaanza kukuomba msamaha. Kwenye lugha zenye maandishi machache mtandaoni inaeleza vibaya zaidi, inaweza ikawa inajua hesabu vizuri ila maneno ya somo inayabuni. Na ili imjue mwanafunzi lazima irekodi makosa yake yote, taimu anayotumia, anapokata tamaa, kwaiyo uliza hizo data za mtoto zinakaa wapi na nani anaziona, hilo siyo swali la watu wenye wasiwasi tu.

Na motisha, hiyo haijapatiwa dawa. Kumjua mtu kakwama wapi hakumfanyi atake kukwamuka. Mwalimu binadamu anakuangalia usoni, anajua leo huyu hana hali ya sehemu wala desimali, anaacha mnaongea kidogo kwanza. Programu inasubiri ubonyeze, na ukiifunga imefungwa.

Ukitaka kujua kama apu uliyonayo inafundisha kivyake kweli au ni chatiboti iliyovalishwa joho, usiiulize swali, ipe kosa. Andika 1/2 + 1/3 = 2/6 kama mwanafunzi anayejiamini kabisa. Ikikuambia "hapana, jibu ni 5/6" na maelezo marefu chini yake, hiyo ni kitabu cha majibu kinachoongea. Ikikusifia kwamba umepatia, funga. Ikikuambia "hiyo 6 ya chini umeipata vizuri, sasa hebu niambie, nusu ni sawa na ngapi ya sita?", mwachie mtoto, ila baada ya siku tatu mpe swali la 1/4 + 2/5 kwenye karatasi, simu ikiwa chumba kingine.