Taa ya kuning'inia: uzito usikae kwenye skrubu

Taa ya kuning'inia ikianza kuwaka na kuzima yenyewe, wengi hukimbilia kubadilisha balbu. Anza juu, kwenye silingi rozi, kile kikombe cha plastiki kilichofungwa darini. Ndani yake kuna vindoano viwili ambamo fleksi, ule waya laini unaoshuka hadi kwenye taa, hupitishwa ili vibebe uzito. Fundi mwenye haraka huviruka, taa ikabaki imeshikwa na skrubu zinazobana nyaya tu. Feni ikiitikisa kila siku, waya unalegea, unapata joto, ganda lake la PVC linakauka na kupasuka. Kinachofuata ni harufu ya kuungua.

Kanuni za Uingereza, BS 7671, zina kikomo cha uzito: fleksi ya 0.5 mm² kilo 2, ya 0.75 kilo 3, ya 1.0 kilo 5. Taa nzito kuliko hapo itundike kwa mnyororo, na ndoano ishike mbao au chuma cha dari. Jipsamu peke yake haibebi kitu.

Kabla ya kufungua, zima meni swichi na upime kwa tesa. Swichi ya ukutani haitoshi, huenda imekata nyutro badala ya moto. Menya waya kiasi cha kuingia kwenye tundu, shaba isionekane nje. Usizipake ncha risasi ya kulehemu: risasi hubonyea taratibu chini ya skrubu, ikalegea. Sokota nyuzi au tumia feruli, kijibomba cha chuma kinachobanwa kwenye ncha. Waya wa ethi, wa kijani na njano, unaopeleka umeme uliovuja ardhini, uache mrefu kuliko wenzake, ili fleksi ikivutwa uwe wa mwisho kuchomoka.

Kwenye holda ya kuzungusha (E27) waya wa kahawia (moto) huenda kwenye kitako cha katikati, wa bluu (nyutro) kwenye pete. Ukigeuza, anayebadilisha balbu anagusa chuma chenye volti 230. Taa ya chuma isiyo na alama ya mraba ndani ya mraba (yaani kinga maradufu) lazima iwe na ethi; ukiiona ina nyaya mbili tu, usiifunge.

Taa za mezani zina kosa lake: plagi nyingi huja na fyuzi ya ampea 13, ilhali fleksi ya 0.75 hubeba 6. Weka fyuzi ya 3. Inatosha mpaka karibu wati 690.

Kanuni za Marekani, NEC, zinakataza kupitisha fleksi kwenye tundu la ukuta au dari, au kuificha juu ya dari. Hapa hazitufungi, lakini panya wa Dar hawajali kanuni ni za nani. Juu ya dari pitisha kebo ya kudumu ndani ya paipu, fleksi ianzie kwenye rozi.

Barazani Kigamboni au Mbezi Beach, hewa ya chumvi hugeuza shaba kijani. Chukua fleksi ya mpira, H07RN-F, holda ya IP44 (inayozuia maji ya kurushwa) au zaidi, na RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Waya ushuke chini ya tundu la kuingilia kisha upande juu, maji ya mvua yadondokee hapo.